Aliyeona Haandiki

Chumba cha mikutano kilikuwa ghorofani, juu ya kiwanda chenyewe, na sakafu yake ilitetemeka kila mashine za chini zilipopiga. Mjomba aliugundua mtetemo ule kabla hata ya kuonyeshwa kiti. Alisimama mlangoni na fimbo yake nyeupe, akaikanyaga sakafu mara mbili kama mtu anayejaribu godoro dukani.

"Kumbe vifaa vyetu vinazaliwa hapa," alimwambia mpwa wake. "Wazazi wako wapi? Nina malalamiko."

"Mjomba, wamo humuhumu. Wanakusikia."

"Wasikie. Mimi sikuja kunong'ona."

Hakuna aliyecheka. Upande wa pili wa meza walikaa watatu. Katikati alikuwa Meneja, mtu mnene mwenye sauti laini, ambaye tangu waingie alikuwa akiigeuzageuza simu yake mezani. Kulia kwake Wakili wa kampuni, mwanamke mwembamba aliyekaa kama amemeza fimbo. Kushoto alikaa Mhandisi, mzee mwenye miwani iliyopandishwa kwenye paji la uso, laptopu yake ikiwa mbele yake, imefungwa. Ndiye aliyebuni kifaa kilichowakutanisha.

Kifaa chenyewe kilikuwa katikati ya meza: bapa, kirefu kama rula nene, uso wake umejaa vitundu vidogo. Kompyuta ikikipelekea sentensi, pini ndogo za plastiki hupanda vitunduni kwa mpangilio wa nukta nundu, na asiyeona huisoma kwa vidole. Mjomba alikuwa msahihishaji katika maktaba ya wasioona. Kitabu hakikuchapwa pale mpaka vidole vyake viwe vimepita juu ya kila mstari. Kifaa alichotumia kilitoka kiwanda hikihiki, ila kilikuwa cha toleo la zamani, na kilikuwa kinakufa pini kwa pini. Kwenye seli moja, yaani kikundi cha pini za herufi moja, pini ya tatu ilishagoma kupanda, kwa hiyo L ikitua hapo ilisomeka B, na Mjomba alilazimika kuusogeza mstari mzima ili kuihakikisha herufi moja.

Maktaba ilikuwa imekwisha kutamka. Kifaa cha zamani kikinyamaza kabla cha kipya hakijakubali kufanya kazi, usahihishaji utapelekwa kwa watu wa nje, naye Mjomba atapumzishwa. Neno ni hilo, kupumzishwa. Yeye mwenyewe aliliita kuzikwa na chai.

Na kifaa kipya kilikataa. Kompyuta zote za maktaba zilitumia mfumo huria, ule ambao maandishi yake ya ndani yako wazi kwa yeyote kuyasoma na kuyarekebisha; programu zote za uchapaji walizokuwa wamejitengenezea kwa miaka zilikuwa juu ya mfumo huo, na kuuhama ni kuzitupa. Ili kifaa na mfumo vielewane panahitajika programu ndogo katikati, kiendeshi. Kiendeshi cha toleo la zamani kilikuwepo, kazi ya watu wa kujitolea. Toleo jipya lilizungumza lugha nyingine, na kampuni iliifungia lugha hiyo kabatini.

Mpwa alikuwa akikiandika kiendeshi kipya kwa njia ngumu. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuandika programu, na wenzake walimwita Msumari kwa sababu akishapigiliwa mahali hang'oki. Kwa miezi mingi alikichomeka kifaa kwenye kompyuta yenye mfumo wa kulipia, ambao kampuni ilikuwa imeuandikia kiendeshi chake, akatega sikio kwenye waya, akatazama namba zinazopita na kukisia maana yake. Alifika mbali. Pini zilipanda, sentensi ilisomeka, halafu baada ya muda mfupi zote zilianguka kwa pamoja kama watu waliozimia. Palikuwa na salamu fulani ambayo kompyuta ilipaswa kuirudia kila mara ili kifaa kisilale. Namba ya salamu hiyo hakuipata. Ilikuwa ikibadilishwa sura kila ilipopita.

"Tuanze," alisema Meneja. "Dada, tumeisoma barua yenu. Mnataka tuwape lugha ya kifaa."

"Si sisi. Muiweke wazi, kila mtu aisome."

"Kila mtu, pamoja na washindani wangu."

"Washindani wako wana vifaa vyao, vina lugha zao. Lugha ya hiki itawasaidia nini?"

Meneja aliilaza simu kifudifudi. "Nikueleze ukweli wa biashara. Kile cha zamani, wale jamaa zenu wa kujitolea walikiandikia kiendeshi. Matokeo yake? Tumeacha kukitengeneza, na bado watu wanakitumia. Hawanunui kipya."

"Kwa hiyo kosa letu ni kwamba kitu chako kinafanya kazi?" aliuliza Mjomba.

Safari hii Mhandisi alicheka, akaigeuza haraka kuwa kikohozi.

"Hakifanyi kazi," alisema Msumari. "Pini zinakufa, na hakuna programu inayofufua pini. Maktaba iko tayari kubadilisha vifaa vyote. Haiwezi, kwa sababu kipya hakizungumzi na mfumo wake. Na kwenye mfumo wa kulipia, kiendeshi chenu cha zamani kilikufa siku mfumo ulipobadilishwa, nanyi hamkukirekebisha. Kwenye mfumo huria kilifanya kazi hata leo asubuhi. Hamkumlipa mtu yeyote kwa hilo."

Aliyasema bila kuinua sauti.

Wakili alifungua faili lake. "Tatizo haliko kwa washindani. Ndani ya kifaa kuna kipande tulichonunua kwa kampuni nyingine, kwa ahadi ya siri. Kitabu cha maelezo kina siri zao. Nikikiweka wazi, tunashtakiwa kesho. Lakini sikuja na mikono mitupu." Alisukuma karatasi mezani. "Huu ni mkataba wa kutunza siri. Unasaini, unasoma kitabu hapahapa, unaandika kiendeshi, unaipa maktaba yenu peke yake, kikiwa kimefungwa. Mzee anaendelea na kazi. Kila mtu anakwenda nyumbani."

Sakafu ilitetemeka, ikatulia.

Msumari aliitazama karatasi bila kuigusa. "Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Wanaotunza kiini cha mfumo wana sharti moja. Aliyeona haandiki. Ukishaona maelezo ya siri ya kampuni, hawapokei tena mstari wako hata mmoja kuhusu kifaa hicho, maana siku moja kampuni itasimama mahakamani iseme umeiba. Kila tunachokipeleka tunakiwekea jina letu kwamba tumekipata kwa njia ya wazi. Nikisaini hapa, nitaandika kiendeshi cha mtu mmoja. Mfumo hubadilika kila baada ya miezi michache. Ukibadilika kitakufa, na hakuna mwingine atakayeruhusiwa kukifungua akitengeneze. Mtakuwa mmempa Mjomba miezi, si kazi."

"Tunakuletea sahani mpaka mezani, unasema umeshiba," alisema Meneja.

"Ninasema kuna wengine wenye njaa."

Wakili na Meneja walitazamana, wakainuka. "Tunahitaji kuzungumza pembeni," alisema Wakili. "Tukirudi, nataka jibu moja. Ndiyo au hapana. Hatutakutana tena kwa jambo hili."

Mlango ulifungwa nyuma yao. Mhandisi alibaki. Aliishusha miwani, akaipandisha. Akaifungua laptopu yake, akabonyeza mara kadhaa kwa kidole kimoja, halafu akaigeuza taratibu, skrini ikaelekea kwa wageni.

"Nakwenda kutafuta maji ya kunywa," alisema bila kumtazama mtu. "Huwa nachelewa. Miguu ya uzee."

Alitoka, akauvuta mlango kwa adabu ya mtu anayeacha zawadi.

Macho ya Msumari yalikuwa yamekwisha kwenda kwenye skrini, jinsi macho yanavyokwenda kwenye kitu chochote kinachowaka. Aliona kichwa cha ukurasa. Aliona jedwali. Halafu akageuza kiti kwa nguvu, magurudumu yakalia, akawa anautazama ukuta.

"Nini?" aliuliza Mjomba.

"Ameacha kitabu wazi. Kipo mbele yetu, Mjomba. Chote."

"Alaa! Si ndicho tulichokifuata?"

"Ndicho kitakachotuua! Amefikiri ananisaidia. Nikikisoma, kazi yangu yote haina maana. Tukikifunga, watasema tulikisoma kwanza. Akiingia mtu akanikuta hivi—" Alisogeza kiti karibu zaidi na ukuta. "Mjomba, inuka. Simama mbele ya laptopu yake. Mbele yako kidogo, kulia. Iguse meza. Hapo."

Mjomba aliinuka bila swali zaidi. Vidole vyake vilifuata ukingo wa meza vikaikuta laptopu. Aliigeuzia mgongo, akalikunjua koti lake pande zote mbili, akasimama kama mama anayekinga mtoto mvua.

"Miaka yote hii," alisema polepole, "hakuna aliyewahi kunipa kazi ya kuzuia watu wasione."

"Usinichekeshe. Tafadhali."

"Sikuchekeshi. Nasikia unavyohema." Akalivuta koti lisishuke. "Ukisaini ile karatasi yao, nitasoma lini?"

"Wiki ijayo."

"Na nikikuambia usaini?"

Msumari aliukazia macho ukuta. Rangi ilikuwa imebabuka karibu na swichi, na ndani ya ubabukaji ule aliliona jedwali tena, wazi kama limebandikwa. Mstari wa juu. Tarakimu nne, na neno moja kando yake. Ilikuwa ile salamu. Ilikuwa namba aliyoitafuta miezi yote, na sasa alipoifikiria, kila kilichokuwa kimemshinda kwenye waya kilijipanga chenyewe. Hakuwa amekusudia kuisoma. Lakini aliisoma.

"Ukiniambia nisaini, nitasaini," alijibu.

"Basi sikuambii," alisema Mjomba. "Vitabu vyenyewe vitasomwa na watu nisiowajua, nao watahitaji kifaa kama mimi. Haifai viishie kwenye vidole vyangu."

Mlango ulifunguka. Nyayo zilisimama ghafla.

"Hiki ni nini?" Ilikuwa sauti ya Wakili, na haikuwa na ulaini wowote.

Mjomba hakusogea. "Ni mimi, mama. Nimesimama."

Wakili alizunguka meza, akaiona skrini, akaibamiza laptopu ikafungika. Mhandisi aliingia nyuma ya Meneja na chupa za maji mikononi. Alipoiona laptopu imefungwa na Msumari ameelekea ukutani, chupa moja ilimponyoka, ikabingirika mpaka chini ya kabati.

"Nani ameiacha hii wazi?" aliuliza Meneja.

"Mimi," alisema Mhandisi.

"Umesahau?"

Mzee alifikiri. "Hapana."

Wakili alivuta pumzi kwa pua. "Sawa. Wewe tutazungumza baadaye. Dada, geuka unitazame. Umeona nini?"

Msumari alikigeuza kiti. Jibu moja fupi lingetosha. Shahidi pekee alikuwa mtu asiyeona, naye angeapa kwa moyo mweupe kwamba mpwa wake alikuwa ameelekea ukutani. Hakuna kamera iliyokuwepo, hakuna aliyeweza kumpinga. Angeweza kwenda nyumbani, akakaa juu ya waya wiki mbili kwa ajili ya macho ya watu, kisha akatangaza kwamba hatimaye ameipata namba. Mjomba angesoma.

"Hajaona kitu," Mjomba alianza. "Nilikuwa—"

"Mjomba, ngoja." Akasogeza kiti mezani. "Nimeona mstari mmoja. Wa juu kabisa kwenye jedwali. Ni salamu ya kukizuia kifaa kisilale. Nimeuona na nimeushika kichwani, siwezi kuutoa."

Mjomba aliishusha mikono. Koti likarudi mahali pake.

"Unajua unachokisema?" aliuliza Wakili taratibu.

"Najua. Kuanzia sasa mimi simo. Nitawaandikia wenzangu leo kwamba nimeona, bila kuwaambia nilichokiona. Niliyoyaandika kabla ya leo yako hadharani, na tarehe zake ziko wazi, hayo yatabaki. Yaliyosalia atayaandika mtu mwingine, naye ataanza kusikiliza waya pale nilipoachia. Atachukua muda mrefu. Labda kifaa cha zamani cha Mjomba hakitamsubiri." Akamgeukia Wakili. "Lakini hamtapata cha kumshtaki."

Meneja alimtazama kama mtu aliyeona mteja akirudisha chenji iliyozidi. Wakili alikuwa bado amesimama, mkono juu ya laptopu.

"Nilikuwa nimejiandaa kwa hapana yako," alisema hatimaye. "Ungesema hapana, hukuona kitu, ningeiandika, na siku kiendeshi kingetokea ningekuja nayo mahakamani. Hivyo ndivyo ninavyoijua kazi yangu." Akaketi. Akamgeukia Mhandisi. "Huo mstari alioutaja. Ni siri ya wale tulionunua kipande kwao?"

"Upi, wa salamu?" Mhandisi aliishusha miwani machoni, akaiacha hapo. "Hapana. Huo ni wangu. Nimeubuni mwenyewe, kwenye meza yangu ya kazi, hapo chini."

"Na mistari mingine ya jedwali?"

"Yangu. Sura nzima ya kwanza ni yangu. Ndiyo lugha ya waya: panda pini hii, shuka ile, usilale. Yao inaanzia sura ya pili, mambo ya ndani ya kipande. Hayo hata mwandishi wa kiendeshi hayahitaji."

Mashine za chini zilisikika moja moja.

"Miaka miwili," alisema Wakili, "nimekuwa nikiwakatalia watu kwa sababu ya kitabu hiki. Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza kama kitabu kina siri za watu. Nikasema kinazo. Hukuniuliza ziko ukurasa gani."

"Na wewe hukuona haja ya kuongeza neno?"

"Wakili, na mimi nilidhani mkisema kitabu ni siri, ni siri mpaka jalada. Ndiyo maana nikaamua kukisahau wazi."

Mjomba aliangua kicheko, kicheko kirefu cha tumbo, mpaka akalazimika kutafuta kiti kwa mkono. "Mungu wangu. Mmoja anafunga mlango, mwingine ana ufunguo, na wote wanalipwa na tajiri mmoja!"

Tajiri mwenyewe, yaani Meneja, hakupendezwa. Alipangusa uso. "Tuseme nikiitoa hiyo sura ya kwanza. Hiyo tu. Nitapata nini?"

"Maktaba inanunua vifaa vipya," alisema Msumari. "Na hutamlipa mtu kukitunza kiendeshi. Sina cha kuongeza juu ya hapo."

Meneja alimtazama Wakili. Wakili alifikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa, mara moja.

"Iwekwe kwenye tovuti yetu," alisema Meneja. "Sura ya kwanza, toleo hili. Matoleo yajayo sitoi ahadi." Kisha akamgeukia Mhandisi. "Na wewe utakuja ofisini kwangu. Leo."

"Nitakuja," alijibu mzee, akainama kuitafuta chupa chini ya kabati.

Wakili aliwasindikiza mpaka kwenye ngazi. Pale akamshika Msumari kiwiko. "Sura ikishakuwa hadharani, unaweza kuandika mwenyewe. Nakuamini kwamba ni mstari ule tu."

"Kitabu kilikuwa wazi chote," alisema Msumari. "Wewe unaniamini. Mtu wa mbali atakayesoma jina langu kwenye kiendeshi atakuwa na nini cha kuamini? Nimeshasema simo."

Kiendeshi kilimaliziwa na mtu waliyemwita Kobe, aliyeishi mbali, ambaye Msumari hakuwahi kumwona uso. Kobe aliichukua kazi ile pale ilipoachwa, akaisoma sura ya kwanza kwenye tovuti kama ambavyo mtu yeyote angeisoma, akaandika polepole na kwa maelezo marefu. Mara mbili alimuuliza Msumari swali. Mara zote mbili Msumari alimjibu kwamba hawezi kujibu, akaizima kompyuta, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Siku ya kukijaribu, Mjomba alikaa mezani kwake maktabani, kifaa kipya mbele yake na cha zamani kimewekwa pembeni. Fundi wa kompyuta wa maktaba aliweka kiendeshi, akachomeka waya, akarudi nyuma hatua moja. Msumari alisimama kwenye ushoroba, nje ya mlango, mikono imekunjwa.

"Ingia basi," alisema Mjomba. "Mlango haujakukataza."

"Nasikia vizuri hapa."

Pini zilipanda. Kutoka ushorobani zilisikika kama mchele unaomwagwa kwenye ungo. Vidole vya Mjomba vilianza safari, mstari wa kwanza, wa pili. Msumari alikuwa akiujua muda ule kwa mwili wake wote. Alijua ni wapi hasa, miezi ile yote, pini zilikuwa zikianguka. Mstari mwingine. Fundi naye alikuwa amekodoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Pini hazikuanguka.

Mjomba aliendelea kusoma, akabonyeza ukurasa wa pili, akasoma tena. Halafu kidole kimoja kikasita, kikarudi nyuma, kikapita tena polepole.

"Aa-aa," alisema.

Msumari alishika kizingiti. "Nini? Imelala?"

"Haijalala. Mwisho wa mstari huyu Kobe wako anaacha nafasi tupu mbili badala ya moja. Kila mstari. Itanitia kichaa." Akauelekeza uso ushorobani, kwenye sauti. "Njoo umrekebishie. Ni kitu cha dakika moja, si ndiyo?"

Kilikuwa kitu cha dakika moja. Aliujua hata mstari wa programu wa kufuta.

"Mwandikie mwenyewe, Mjomba," alisema Msumari. "Mimi simo."

Mjomba alinung'unika kitu kuhusu watoto wa dada zake na vichwa vyao, akavuta kibodi, akaanza kumwandikia Kobe malalamiko.